Klabu zisiwatelekeze wachezaji wanaojifungua

Alfajiri moja mwezi uliopita, kwenye kiwanja cha mchanga kisicho mbali na Mtaa wa Lumumba, mchezaji mmoja wa mpira wa miguu alirudi mazoezini. Alikuwa ametoka arobaini siku tatu tu nyuma. Ndani ya jezi alikuwa amejifunga kanga tumboni, fundo limekazwa ubavuni kama mama yake alivyomfunga siku aliyotoka hospitali. Mtoto alikuwa amepakatwa na mama muuza chapati pembeni ya kiwanja, kafunikwa uso kwa ajili ya vumbi. Mwalimu aliamuru mizunguko 10. Kwenye mzunguko wa tatu yule dada alisimama penye mwimo wa goli, akabana miguu, akainamisha kichwa. Kisha akatembea polepole hadi kwenye begi lake, akatoa kanga ya pili, akajifunga kiunoni. Mkojo ulikuwa umemtoka. Wenzake waliona, wakatazama pembeni. Kutoka katikati ya kiwanja mwalimu akapaza sauti: "Dada, umezaa, hukuumwa. Kimbia!"

"Nilimwambia, mwanangu, hebu kaa kwanza mtoto anyonye," mama muuza chapati alitueleza baadaye. "Akanijibu, mama, nisipoonekana leo jina langu linakatwa." Alimaliza mizunguko yake yote 10. Wiki ya pili yake hakuonekana tena, na jina likakatwa.

Tunasema bila kuzunguka: hili ni kosa, na lina wenyewe. Yule mwalimu ana sehemu yake, kwa kuwa mtu mzima anayefundisha wanawake anapaswa kujua mwili wa mwanamke ukoje. Lakini hakuna aliyempa karatasi hata moja inayomweleza afanye nini na mzazi wa siku 43. Klabu haikumpa. Chama cha mchezo hakikumuuliza. Hospitali iliyomzalisha mchezaji ilimruhusu na kadi ya kliniki ya mtoto, chanjo zimeandikwa tarehe moja moja. Kuhusu mwili wa mama hapakuandikwa kitu. Kila mmoja alimaliza kazi yake mlangoni pake, na mchezaji akaachwa njiani.

Na njia yenyewe ni fupi. Hapa ni Kariakoo, nyumbani kwa Simba na Yanga. Makao makuu ya Yanga yapo kwenye kona ya Jangwani na Twiga, ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi. Shirikisho la soka, TFF, lipo Karume, mwendo wa miguu kutoka sokoni. Hospitali ya Mnazi Mmoja ipo jirani, Amana ipo Ilala, na Muhimbili, hospitali ya taifa, ipo Upanga, vituo vichache vya daladala. Kidongo Chekundu pana viwanja vya vijana vilivyofunguliwa mwaka 2015, na watoto wa kike wa Gerezani na Ilala wanacheza pale. Kama kuna mahali nchini ambapo mwanamke mchezaji hakupaswa kupotea baada ya kujifungua, ni hapa. Akipotezwa Kariakoo, aliyeko Songea au Kigoma atashikwa mkono na nani?

Soka la wanawake limeshatoka kwenye hatua ya hisani. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17. Mwaka 2022 Simba Queens walikwenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika na kumaliza nafasi ya nne. JKT Queens walifuata mwaka 2023 kule Ivory Coast. Timu ya taifa, Twiga Stars, waliocheza fainali za Afrika mara ya kwanza mwaka 2010, walirudi kwenye fainali hizo Julai 2025 nchini Morocco. Mashabiki wanakata tiketi, jezi zenye majina ya mabinti zinauzwa Mtaa wa Kongo, televisheni inaonyesha mechi. Mchezaji wa kike leo anafanya kazi inayomwingizia mtu fedha. Basi na ahesabiwe kama mfanyakazi.

Na mfanyakazi ana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inakataza kumrudisha kazini kabla ya wiki 6 tangu kujifungua isipokuwa daktari ameridhia. Inamwondolea kazi ya usiku kwa miezi 2 baada ya kujifungua, jambo ambalo klabu inayopanga mechi ya saa 2 usiku inapaswa kulijua. Inampa muda wa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, amnyonyeshe mtoto wake. Inakataza kumbagua kwa sababu ya ujauzito, na kuachishwa kazi kwa sababu hiyo imekuita kwa jina lake: kuachishwa isivyo haki.

Yule dada, siku ya 43, alikuwa amevuka zile wiki 6 kwa siku moja. Watetezi wa klabu watalishika hilo. Tunawajibu mapema. Wiki 6 ni mpaka ambao mwajiri haruhusiwi kuuvuka. Haukuwekwa kuwa cheti cha kukimbia mizunguko 10. Siku zake 84 zilikuwa hazijaisha. Alipaswa kuwa nyumbani kwao, analipwa, ananyonyesha, anatembea asubuhi na jioni kwa mwendo anaouweza.

Tena kwa wanasoka kuna kanuni ya pili juu ya hiyo. FIFA iliingiza ulinzi wa uzazi kwenye kanuni zake za hadhi na uhamisho wa wachezaji kuanzia Januari 1, 2021. Likizo isipungue wiki 14, angalau wiki 8 kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua, na malipo yasipungue theluthi mbili ya mshahara wa mkataba. Likizo ikiisha, klabu inawajibika kumrudisha mchezaji kikosini, kumpa uangalizi wa daktari, na kumpa nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa. Klabu ikivunja mkataba kwa sababu ya ujauzito, italipa fidia pamoja na mishahara 6 ya ziada, na inaweza kufungiwa kusajili kwa madirisha mawili mfululizo. Klabu imeruhusiwa hata kumsajili mchezaji wa kuziba pengo nje ya dirisha, kwa hiyo kisingizio cha "kikosi kitapungua" kimeondolewa. Juni 2024 FIFA iliongeza wengine wa kulindwa, wakiwemo makocha wa kike na wanawake wanaoasili watoto. Kanuni hizi zinabana vyama vya nchi wanachama. Hazikuandikwa kwa ajili ya Ulaya peke yake.

Zinafanya kazi pale zinapotumiwa. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alijifungua Novemba 2021 akiwa na mkataba na Lyon ya Ufaransa, klabu iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mara nyingi kuliko yoyote. Lyon ilimkata malipo alipokuwa mjamzito. Alikwenda mbele ya mahakama ya FIFA, na mwaka 2022 Lyon ikaamriwa imlipe zaidi ya yuro 82,000. Alikuwa na wakala, wanasheria na chama cha wachezaji nyuma yake. Binti wa Buguruni anayelala chumba kimoja na wadogo zake wanne hana hayo yote, ila kanuni iliyomlinda Gunnarsdóttir ni ile ile inayomlinda yeye, neno kwa neno.

Hapa tunataka msomaji aone mahali wizi unapofanyikia, maana hakuna klabu inayoandika barua ya kusema "tunakufukuza kwa kuwa una mimba". Mkataba unaandikwa wa msimu mmoja. Mchezaji akishika mimba katikati ya msimu anaambiwa apumzike, na sauti inayomwambia ni ya upole. Msimu unaisha, mkataba unaisha, mchezaji hapigiwi simu tena. Wengine hawana hata mkataba. Wanaishi kwa posho ya mazoezi na nauli ya bodaboda, na posho haina likizo. Klabu inanawa mikono: hatukumfukuza, mkataba wake uliisha. Sheria yetu haikubali unyofu huo wa bandia. Inasema kwamba kutomhuisha mtu mkataba wa muda maalumu, wakati alikuwa na sababu ya kutarajia kuhuishwa, ni namna ya kumwachisha kazi. Mchezaji aliyeanza mechi zote hadi siku aliyosema ana mimba alikuwa na kila sababu ya kutarajia.

Kuhusu majeshi tuseme kidogo. Wanariadha wetu wengi wa kike wanaodumu ni askari. Magdalena Shauri, aliyeshika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41 na kuweka rekodi ya taifa ya marathoni, ni askari wa JWTZ. Wanajeshi, polisi, magereza na JKT wapo nje ya sehemu kubwa ya Sheria ya Ajira, ingawa katazo la ubaguzi linawagusa nao, na wana taratibu zao. Lakini mshahara wa askari hautegemei kama jana amefunga goli. Ndiyo maana mabinti wengi wenye akili wanatafuta gwanda kwanza na viatu vya mpira baadaye. Klabu za uraiani zijiulize kwa nini.

Tukija kwenye fedha, tusikubali kutishwa. Tuchukue mchezaji anayelipwa Sh500,000 kwa mwezi. Theluthi mbili ya mshahara huo kwa wiki 14 ni kama Sh milioni 1.1. Akilipwa mshahara kamili kwa siku 84 za sheria yetu ni Sh milioni 1.4. Kwa siku, kanuni ya FIFA ni ndefu zaidi. Kwa shilingi, sheria ya Tanzania ni nono zaidi. Na FIFA yenyewe inasema pale sheria ya nchi inapompendelea zaidi mchezaji, hiyo ndiyo ifuatwe. Klabu inayosajili mshambuliaji kutoka nje, ikampokea uwanja wa ndege kwa tarumbeta na msafara wa bodaboda hadi Msimbazi au Jangwani, haiwezi kutazama kamera na kusema Sh milioni 1.4 zitaifilisi. Klabu ndogo zina hoja, na tunaikubali: zipo timu za ligi ya wanawake zinazokwenda ugenini kwa michango. Kwa hizo, TFF itenge fungu kutoka kwenye udhamini wa ligi, na wachezaji wao wakatiwe michango ya NSSF, ambako fao la uzazi lipo kwa mwanachama aliyetimiza masharti.

Lakini fedha ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni mwili, na hapo ndipo ujinga umejaa zaidi.

Mtoto anakaa tumboni miezi 9 juu ya misuli ya nyonga. Misuli hiyo imetandwa chini ya kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa kama kamba za kitanda cha teremka tukaze. Inavutwa na uzito kwa miezi, na siku ya kujifungua inatanuka kupita kiasi, wakati mwingine inachanika na kushonwa. Misuli ya tumbo nayo inaachana katikati. Aliyepasuliwa ana kidonda kilichopita tabaka kwa tabaka. Ngozi ya juu inapona upesi na kumdanganya kila mtu, huku utando wa ndani ukichukua miezi kurudisha nguvu yake. Mwenye kitanda cha kamba zilizolegea huzikaza moja moja, na wala harushi watoto waruke juu yake. Mzazi anayerudishwa kuruka na kukimbia kabla ya kamba kukazwa anapata yale aliyoyapata yule dada kwenye mwimo wa goli: mkojo unamponyoka akikimbia, akikohoa, akicheka. Wengine wanahisi uzito ukeni kana kwamba kitu kinashuka, na kwa kweli kizazi kinaweza kushuka. Haya yanatibika kwa mazoezi yakiwahiwa. Yakinyamaziwa, mwanamke anakaa nayo mpaka uzeeni akidhani ndiyo malipo ya kuzaa.

Wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza walitoa mwongozo mwaka 2019 wa kumrudisha mama kwenye kukimbia. Wanashauri asianze kabla ya miezi 3, na hata hapo apimwe kwanza. Vipimo vyenyewe havitaki mashine. Atembee dakika 30 bila maumivu. Asimame kwa mguu mmoja sekunde 10. Achuchumae kwa mguu mmoja mara 10, kisha wa pili. Akimbie pale pale aliposimama kwa dakika moja. Aruke kwa mguu mmoja mara 10. Akifanya yote bila maumivu, bila mkojo kumtoka na bila kuhisi uzito chini, aanze kukimbia kidogo na kutembea kidogo, wiki baada ya wiki. Akishindwa kimoja, anarudi kwenye mazoezi ya kukaza misuli. Jambo hili linafanyika kwenye mchanga wa Jangwani, na gharama yake ni saa ya mkononi na mwalimu mwenye subira. Kabla ya hapo, tangu siku za kwanza, kuna kazi ya kufanywa kitandani na mkekani: kupumua kwa tumbo, kubana misuli ya nyonga kama anayezuia mkojo na kuiachia taratibu, kunyanyua kiuno akiwa chali, kutembea uani. Kupumzika siku 84 bila hata hayo, halafu kurushwa kwenye mazoezi ya timu, kunaumiza vile vile.

Kuna na damu. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mchezaji aliyepoteza damu wakati wa kujifungua, anayenyonyesha, anayekula ubwabwa na maharage mara moja kwa siku, akiambiwa ajifue asubuhi na jioni, ataanguka au mfupa utapasuka. Mwalimu atasema ni mvivu. Apimwe wingi wa damu kabla hajapewa ratiba, na klabu imlishe. Na wanaowatisha kina mama kwamba jasho linachachisha maziwa waache. Maziwa hayachachi kifuani. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyejifungua, asipokuwa na tatizo la kiafya, afikie angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, akianza kidogo kidogo. Amnyonyeshe mtoto kabla ya mazoezi, avae sidiria inayoshika vizuri, anywe maji ya kutosha. Basi.

Bibi zetu walilijua jambo moja ambalo klabu hazilijui: kwamba kuna muda wa mzazi na muda huo una walinzi. Walimkanda kwa maji ya moto, wakamfunga mkaja, wakamnywesha uji wa pilipili manga, wa kaskazini wakampikia mtori. Hakushika ndoo wala jembe hadi arobaini itoke. Hatudharau hata kimoja. Mzazi aliyekandwa na kulishwa na shangazi zake yupo mbali mbele ya yule aliyeachwa peke yake na mtoto kwenye chumba cha kupanga Tandale. Ila arobaini ilimwandaa mwanamke kurudi jikoni, dukani na shambani. Haikumwandaa kupiga kichwa mpira wa kona. Siku ya 41 inapoingia hakuna bibi wala kungwi wa uwanjani, na ndilo pengo tunalodai lizibwe.

Kariakoo imeliziba kwa biashara. Pita Mtaa wa Kongo mchana wowote utaona mikanda ya mpira ya kupunguza tumbo imetundikwa pamoja na sidiria, na muuzaji anaapa kwamba mama akiivaa mwezi mmoja tumbo linarudi kama la msichana. Wachezaji wanainunua, wengine wanafanya mazoezi wakiwa wameivaa. Mkanda haukazi msuli. Ukibana kupita kiasi unazuia pumzi na kusukuma uzito chini, kule kule kwenye kamba zilizolegea. Kanga iliyofungwa kwa kiasi inamsaidia mzazi kunyanyuka kitandani siku za mwanzo, na ikishafanya kazi hiyo ifunguliwe. Tunawaomba wachezaji wasitoe fedha yao ya posho kwa ahadi za mkanda.

Kuna watakaotuambia kwamba mama hawezi tena kiwango cha juu. Hao wamekwishajibiwa, na aliyewajibu anatoka jirani tu. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua binti Juni 2018, akiwa tayari bingwa wa Olimpiki na wa dunia wa mita 1,500. Oktoba 2019 alipata medali ya fedha ya dunia Doha, mwaka 2021 akatwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo, mwaka 2024 dhahabu nyingine Paris. Rekodi zake zote za dunia za mbio za mtu mmoja ameziweka akiwa mama. Ile ya mita 1,500 ya Julai 2025 kule Eugene ilikuwa ya dakika 3:48.68. Vivian Cheruiyot alijifungua mwaka 2013, akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 2015 na wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 2016. Peres Jepchirchir alijifungua mwaka 2017. Mwaka 2021 alishinda marathoni ya Olimpiki.

Majina haya yasigeuzwe fimbo. Tumewasikia walimu wakisema, "Kipyegon alirudi, wewe nani?" Kipyegon alikaa takriban mwaka mzima tangu kujifungua kabla ya kurudi kwenye mbio kubwa, na alikuwa na watu waliosubiri. Atakayetaja dhahabu zake ataje na mwaka wake huo. Hata Allyson Felix wa Marekani, mwenye medali nyingi kuliko karibu wanariadha wote duniani, ilimbidi Mei 2019 aseme hadharani kwamba mfadhili wake, Nike, alikataa kumhakikishia malipo katika miezi ya kurudi kutoka uzazi. Agosti mwaka huo Nike ikabadili mikataba, ikaahidi kutopunguza malipo ya mwanariadha kwa sababu ya ujauzito kwa miezi 18. Walibadilika kwa kuwa aliyesema alikuwa na jina kubwa. Mabinti wetu wasio na majina wanasemewa na nani, kama si wahariri, wazazi wao, na viongozi tunaowalipa kwa kazi hiyo?

Hukumu yetu ni hii. TFF ndiyo inayotoa leseni za klabu. Klabu ambayo mikataba ya wachezaji wake wa kike haina kifungu cha uzazi, chenye wiki 14, malipo, mpango wa kurudi na muda wa kunyonyesha, isipewe leseni msimu ujao. Isipewe hata kama ina makombe 30 kabatini. Simba na Yanga ziwe za kwanza kuweka vifungu hivyo hadharani, kwa kuwa timu nyingine nchini huiga zinachofanya hizi mbili, kizuri na kibaya. CHANETA kwenye netiboli, vyama vya riadha na mpira wa kikapu navyo visijifiche nyuma ya soka. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina mamlaka ya kuvidai vyote waraka mmoja.

Wizara ya Afya isimruhusu mzazi kwa kadi ya mtoto peke yake. Mama anaporudi wiki ya sita, aulizwe: unafanya kazi gani? Unakimbia? Unabeba mizigo sokoni? Mkojo unakutoka? Maswali haya manne yanachukua dakika mbili, na yanamfaa mchukuzi wa viroba vya nguo Mtaa wa Mchikichi sawa na mlinzi wa kati wa Twiga Stars. Mwenye tatizo aelekezwe idara ya fiziotherapia siku hiyo hiyo. Na kozi za ukocha, kuanzia daraja la chini kabisa, ziwe na somo la mwili wa mwanamke. Mwalimu aliyefundishwa hatapaza sauti kama tuliyoisikia.

Kwa wazazi wenye mabinti wachezaji: someni mkataba pamoja naye kabla hajatia sahihi, na kama hauna kifungu cha uzazi asisaini. Kwa wachezaji: mkishika mimba toeni taarifa kwa maandishi, mbaki na nakala, mtunze cheti cha daktari na kila ujumbe wa klabu kwenye simu. Na kwa yule dada wa kiwanja cha karibu na Lumumba, popote alipo, pamoja na mwingine yeyote aliyekatwa jina kwa kuzaa: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Nenda kabla hazijaisha.